Ukuta Usiofika Darini

Wiki ile niliyopewa kazi ya kuchora upya zahanati ya mtaa wetu, tate alikuwa anaficha mguu wake. Tate ndivyo tunavyomwita nyanya hapa Bukavu. Huyu alikuwa mama mzaa mama yangu, na yeye aliniita bwana yake, kwa utani wa siku zote kati ya nyanya na mjukuu wa kiume. Jembe lilimkata muundi alipokuwa akilima shamba lake upande wa Nyantende. Kidonda kikavimba. Kila asubuhi alijifunga kitenge chake kizuri, akaaga kwamba anakwenda zahanati kubadilishiwa bendeji, akarudi saa ya kupika. Mimi, ambaye nilikuwa na tabia ya kuangalia kila kitu mara mbili, niliona kwamba bendeji ilikuwa ileile, na doa lake lilelile pembeni, ila doa lilikuwa likikua.

"Tate, wamekufunga leo?"

"Bamenifunga, bwana yangu. Bamenifunga muzuri sana."

"Mbona bendeji iko ileile?"

"Wewe ulisomea nyumba ao ulisomea bendeji?"

Nilisomea nyumba. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na diploma ya ujenzi, na hofu nyingi kuliko diploma. Ningeweza kuufikiria mlango mmoja tangu asubuhi hadi jioni: ufungukie ndani au nje, utamgonga nani, mvua ikija kutoka upande wa ziwa itafika wapi. Rafiki zangu walinicheka kwamba siku nitakayojenga choo, watu watakuwa wamejisaidia porini miaka kumi. Kwa hiyo mwenyekiti wa kamati ya mtaa aliponiita na kunipa kazi, niliitika ndiyo, halafu nikakesha nikiufikiria mlango wake.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kamati ilikuwa imepata matofali, na mikono ingetoka kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ambayo hakuna aliyethubutu kuikosa miaka ile. Mwenyekiti alitaka baraza pana mbele ya zahanati, lenye nguzo, ili wakubwa wa zone, yaani wilaya, wakija wapate pa kusimama, na picha ya Rais ionekane toka barabarani.

"Citoyen, unichoree nguzo," aliniambia. Kila mtu alikuwa citoyen, raia, wakati ule. Neno monsieur lilikuwa limefukuzwa. "Nguzo nene. Zisifanane na miguu ya mbuzi."

Nilikwenda kupima. Ndani palikuwa na ukumbi mmoja tu, na dirisha moja kubwa lenye mwanga wa kutosha. Chini ya dirisha hilo zilisukumana meza mbili. Moja ilikuwa ya muuguzi mzee, aliyefunzwa wakati wa Wabelgiji, mwenye miwani minene. Bila mwanga wa dirisha hakuweza kuuona mshipa wa mtu. Yeye alipenda ukumbi uwe wazi hivyohivyo. "Mugonjwa usiyemuona njo ule anakufa," alizoea kusema. Meza ya pili ilikuwa ya muuguzi kijana, aliyetoka chuo juzijuzi, ambaye alitaka vyumba, milango, kimya, na mgonjwa mmoja mmoja. Waligombana kwa adabu, kila mmoja akisogeza meza yake kidogo kidogo kuelekea mwanga mwenzake akigeuka.

Nilikaa pale siku kadhaa na kamba yangu ya kupimia. Niliona mabenchi yalikuwa marefu kupita kiasi, hata wazee walionyanyuliwa juu yake miguu yao ilining'inia kama ya watoto, na wengi waliona afadhali sakafu. Niliona akina mama vijana wakifurahi kukaa wakitazamana na kupiga soga, na wazee wakiutafuta ukuta ili wasitazamane na mtu. Sikujua bado hayo yana maana gani. Ndipo asubuhi moja nikamwona tate mlangoni. Alichungulia ndani, akavuta kitenge kichwani, akageuka.

Nilimfuata kwa mbali. Hakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya zahanati, akaketi na wanawake wanaouza viazi vitamu, akanyoosha ule mguu juani, akakaa hapo mpaka saa ya kupika.

Nilirudi ndani nikasimama pale aliposimama yeye, nikaangalia alichokiangalia. Muuguzi kijana. Na muuguzi kijana alikuwa mume wa mama yangu mdogo, kitinda mimba wa tate, walikuwa wamefunga ndoa mwaka uliotangulia. Nilimwita tonton, yaani baba mdogo, ingawa alinizidi umri kidogo tu, na yeye alinitania kwa sababu hiyo kila tulipokutana. Lakini kwa tate alikuwa mkwe. Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, hawali chungu kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na sasa mama mzima apandishe kitenge hadi gotini, aweke mguu juu ya meza, na mkwe wake akae pale karibu kiasi cha kugusana viwiko! Hata kama angefungwa na yule mzee, meza ziligusana.

Nilimwambia mama. Mama hakuwa mtu wa kufikiri mara mbili. Alikwenda moja kwa moja akamwambia mkwe aje nyumbani jioni na dawa zake. Alikuja. Tate alimwona kwenye kona, akaingia jikoni, akafunga mlango. Mgeni wetu akaketi nje kwenye kiti, sahani yake ya dawa magotini, akauangalia ule mlango wa mbao, kisha akaniangalia mimi.

"Mwambie mukwe wangu namusalimia," akasema.

"Tate, anakusalimia."

"Mwambie nimesikia," sauti ikatoka jikoni. "Mwambie amusalimie mutoto wangu."

"Muulize kile kidonda kinatoa maji ao usaha."

"Mwambie kilikuwaka maji. Sasa ni usaha. Mwambie tangu juzi kiko na harufu."

"Muulize mwili uko na joto?"

"Mwambie mangaribi nasikia joto, halafu baridi. Mwambie mugulu inagonga kama ngoma."

Mimi bwana yake, niliyeuliza kila siku, sikuwahi kupewa hata neno moja la kweli. Huyu, mlango ukiwa katikati, alipewa yote.

"Mwambie," tonton akasema taratibu, "afungue mulango kidogo tu, nione."

Halafu tukasikia kitu kikianguka jikoni, na mlango wa nyuma ukilia. Tulipozunguka, tate alikuwa ameshafika migombani, anachechemea kwa kasi ambayo sikuidhania, na mbuzi wa jirani anamfuata.

Tonton alicheka. Kisha akaacha kucheka, akanivuta pembeni.

"Sikia. Ile harufu haingoji. Ikifika kwa mufupa, hospitali kubwa watamukata mugulu. Anatakiwa kusafishwa kila siku, na sindano. Kila siku, unasikia?"

"Na muzee wenu? Aje yeye hapa."

"Na yale magoti yake? Kupanda huu mulima? Hata kanisa la juu aliliacha."

"Basi wewe utoke nje, tate akiingia."

"Kila siku? Watu bote batauliza ni nani ninamukimbia. Akisikia wanasema, hatakanyaga tena. Wewe si njo fundi? Fanya kitu, tonton wako anakuomba."

Nilianza na shuka. Niliitundika kati ya zile meza mbili, na kabla ya adhuhuri watoto walikuwa wameshaifanya mchezo, upepo wa dirishani ukamaliza kazi. Hapana, palitakiwa ukuta. Nililala na ukuta huo, nikaamka nao. Ukikata ukumbi, nani atabaki na dirisha? Mzee akikosa mwanga atachoma mtu pasipo mshipa. Kijana akikosa mwanga atasoma vibaya maandishi ya dawa. Nilichora, nikachana. Mwishowe nikauleta ukuta uguse dirisha katikati, kila mmoja apate nusu yake, na nikaukata juu: upite kidogo kichwa cha mtu mrefu, basi, usifike darini. Mwanga wa upande mmoja ungemwagika juu yake kwenda upande wa pili. Sauti pia. Nilikuwa nimejifunza kwa ule mlango wa jikoni kwamba macho ndiyo yaliyokatazwa, maneno hayakukatazwa. Nyuma, upande wa mzee, nikachora mlango mwingine usio na ngazi, na benchi fupi lenye mgongo, linalotazama miti, lisilotazama mtu.

Mzee alikiona kile kipande cha karatasi, akakisogeza karibu na miwani.

"Na batu bangu nitabaona aje?"

"Utabasikia, muzee."

"Masikio pia yamezeeka." Akapitisha kidole juu ya nusu ya dirisha lake, mara mbili, kama anayetaka kuhakikisha haitaibwa. "Hili dirisha halitasogezwa tena?"

"Hata kwa nguvu haliwezi. Ukuta utalishika."

"Basi jenga haraka, kabla huyu kijana hajabadilisha akili."

Ilibaki kamati, na matofali hayakutosha nguzo na ukuta. Mkutano ulikuwa jioni ya kuamkia salongo. Njia nzima nilirudia maneno yangu, nikayasahau, nikayakumbuka kwa mpangilio mbaya. Jambo moja tu lilikuwa wazi: sikuweza kumtaja tate. Ningemvua nguo mbele ya mtaa mzima, na mkwe wake pamoja naye. Lakini bila ukuta kesho, wiki nyingine ingepita, na ile harufu haingoji.

Mwenyekiti aliiangalia ramani yangu.

"Nguzo ziko wapi?"

"Nimezitoa, citoyen président."

"Umezitoa ukaweka ukuta. Mufupi. Ukuta usio na kichwa." Watu wakacheka. "Hii shule walikufundisha nini?"

Niliikunja ramani yangu. Nikasema, "Naomba kuuliza swali moja kwa bazee. Ni nani hapa hajawahi kumukuta mama mukwe wake mule ndani?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja, fundi wa viatu, akakohoa. Akasema yeye alimkuta wake siku ya malaria, akarudi na homa yake nyumbani, akatibiwa na majani. Mwingine akasema mkewe ndiye aliyekutana na baba mkwe, mtoto mgongoni, wakaondoka wote wawili kwa milango tofauti.

"Milango gani? Mulango si ni mumoja?"

"Basi mumoja wao aliondoka kwa kurukaruka juu ya batu."

Wakacheka tena, lakini sasa hawakunicheka mimi. Mke wa yule fundi wa viatu akasema bila kumtazama mtu: "Na citoyen président atuambie alipitaka wapi siku ile mama mukwe wake alipoingia."

Mwenyekiti aliirekebisha kola ya abakosti yake, ile koti ya wakubwa isiyovaliwa tai. Alitazama dari. "Dirisha," akasema. "Nilipitaka kwa dirisha. Na sindano ilikuwa bado haijatolewa vizuri."

Tulicheka hadi akaanza kucheka yeye mwenyewe. Nguzo zikaahirishwa.

Jumamosi watu walikuja na majembe na ndoo. Wanaume walibeba matofali na kutoboa mlango wa nyuma, wanawake wakaleta maji toka bondeni, na mwashi akaanza mapema kabla mvua haijaamua. Ukuta ulipofika pale nilipoweka alama, mwashi hakusimama. Akachukua tofali lingine.

"Hapo basi," nikasema.

"Kijana, ukuta unaishia kwa dari. Watu watasema sijui kazi."

"Waseme mimi."

"Ni tofali chache tu zimebaki. Nimalize."

Yule mtu niliyekuwa zamani angeomba radhi, angeeleza, pengine angekubali kisha akakesha akijuta. Nilipanda jukwaa la mbao, nikaketi juu ya ukuta wenyewe, udongo mbichi ukinilowanisha suruali, nikamwambia atanijenga na mimi humo. Mwashi aliliweka tofali chini. Akashuka akaenda kunawa mikono.

Jumatatu nilimleta tate. Nilimpitisha nyuma, kwenye mlango usio na ngazi. Aliligusa benchi kwanza, akaketi, miguu yake ikafika chini. Ukuta ulikuwa bado na unyevu, na upande wa pili tulisikia tonton akimwambia mtoto fulani afungue mdomo.

Muuguzi mzee aliusogeza mguu kwenye mwanga wa nusu ya dirisha lake, akaifungua ile bendeji. Sitaandika nilichoona. Tate aliuangalia mti nje.

"Kijana!" mzee akaita juu ya ukuta. "Uko pale?"

"Niko, muzee."

"Ni refu kama kidole changu. Usaha mingi. Pembeni nyeusi, lakini chini ninaona nyekundu."

Upande wa pili tulisikia kiti kikivutwa karibu na ukuta.

"Muulize," sauti ya tonton ikaja, "ukibonyeza mufupa, anaumia?"

Mzee akabonyeza. Tate akavuta pumzi kwa meno.

"Mwambie muganga hapana, si kwa mufupa," akasema tate. "Mwambie kinachoniuma ni huyu muzee, iko na mikono kama ya kusaga mihogo."

Nyuma ya ukuta mtu alicheka, akajizuia kwa heshima.

"Basi mwambie mukwe wangu mugulu hautakatwa. Muzee, kata zile nyeusi, osha mpaka damu safi itoke, na mimi natayarisha sindano. Nitaipitisha juu."

Mkono wake ukatokea juu ya ukuta, umeshika sahani ndogo. Tate aliinamisha uso hadi mkono ulipotoweka. Kisha akauma ncha ya kitenge, akanishika mkono, na mzee akaanza.

"Mwambie arudi kesho asubuhi," tonton akasema baadaye.

"Mwambie nimesikia."

Kesho yake niliamka mapema kumsindikiza, nikiwa nimefikiria maneno yote ya kumshawishi, moja baada ya lingine. Kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa. Nilimkuta kwenye lile benchi fupi, wa kwanza, mguu ameunyoosha mbele yake, anamwambia mzee mwingine aliyesimama mlangoni kwa wasiwasi: "Ingia, ingia. Huku hakuna mutu wa kukuona."