Quinte za Mama Mudogo

Nilichagua kozi ya muziki sababu ya kuona haya. Watu wanacheka nikisema hivyo, lakini ni kweli. Niliwaza kama muziki ya collège ni ya kuandika tu: unachora mistari mitano, unapanga nota zako, unapeana karatasi, unarudi kukaa. Hakuna mwenye kukuangalia. Mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo kabisa. Mwaka huu tukaingia mu harmonie, yaani kuandika sauti ine zinazoimba pamoja, soprano, alto, tenor na bas, na hapo njo shida yangu ilianza.

Collège yetu iko juu kidogo ya barabara ya Mushaki. Ina clavier moja, kinanda cha umeme, na hiyo clavier inalala kanisani, kwa paroisse, sababu kule njo kuko courant. Sisi tuko na mbao. Fundi mmoja alizipiga randa, prof akachora juu yake touche za clavier, nyeupe kwa chaki na nyeusi kwa makala ya jiko. Unabonyeza ubao, kisha unaimba kwa kinywa chako ile nota uliyobonyeza. Siku moja mwenzangu wa benchi alibonyeza kwa nguvu mpaka kibanzi kikamuingia mu kidole, akapiga kelele. Prof hakugeuka hata.

"Hiyo kelele ni fa dièse, imepanda," akasema. "Nilikuomba fa."

Harmonie iko na makatazo mengi, lakini kubwa kuliko yote ni moja. Ukihesabu kutoka do mpaka sol unapata nota tano, na nafasi hiyo inaitwa quinte. Sauti mbili zikiachana namna hiyo, haziruhusiwi kuruka pamoja na kubaki tena zimeachana namna ile ile. Hizo njo quintes parallèles. Prof anazitaja kama vile muntu anataja chawa. "Kila sauti iende njia yake!" anatuambia kila siku, na baguette yake, kafimbo ka kuongozea wimbo, inapiga meza.

Kwa devoir ya mwisho, kazi ya kufanyia nyumbani, alitupatia bas ya mesure nane, yaani vipande nane, tuijengee sauti tatu juu. Mwenye kupata chini ya tano kwa kumi atasimama mbele ya collège nzima na kuimba sauti zake zote ine, moja nyuma ya ingine, peke yake. Mimi! Mimi ambaye kanisani ninafungua kinywa bila kutoa kitu. Mimi ambaye kwenye sikukuu moja nilishinda njaa, sahani ya wali mbele yangu, kwa kuona haya kuomba kijiko.

Basi nilifanya ile devoir siku tatu, polepole, kila sauti mu njia yake. Ikatoka safi. Lakini ubao haulii, na mimi nilitaka kusikia. Jumamosi nikapeleka karatasi mu kiwanja cha nyumbani. Mama na mama mudogo walikuwa wanapiga maharagi kwa fimbo, Papa anatengeneza mpini wa jembe. Mama mudogo ni mudogo wa Mama. Aliolewa Ntoto, kule mu pori ya Walikale, na alikuja kutusaidia mavuno. Nyumbani sina haya. Nikawagawia sauti: Mama soprano, mama mudogo alto, mimi tenor, Papa bas. Nikawafundisha kwa masikio, kipande kwa kipande.

"Maneno yake iko wapi?" Mama akauliza.

"Haina maneno, Mama. Tunaimba 'la' tu."

"La? Watu wazima, wenye meno yote, tuimbe la?"

"Tuweke 'maharagi'," Papa akasema. "Inaingia muzuri."

Tukaimba maharagi. Mesure mbili za kwanza zilienda vizuri. Ya tatu, soprano inapanda, na alto inatakiwa kubaki pale iko. Mama mudogo hakubaki. Alipanda pamoja na Mama, quinte moja chini yake, bila kumuacha hata hatua.

"Hapana, mama mudogo. Hapo unabaki."

"Nibaki ninafanya nini?"

"Unangoja."

"Dada yangu anapanda mulima, mie nibaki chini ninamuangalia? Tuko na ugomvi?"

"Ni sheria ya harmonie."

"Basi hiyo harmonie iko na roho mbaya."

Mama alicheka mpaka fimbo ikamuanguka. Tulirudia mara sita, na mara sita mama mudogo alimfuata dada yake. Kwetu watu wanaimba hivyo, huku milimani na kule mu pori: mmoja akienda, mwingine anaenda naye. Na shida ni kwamba ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kupita yangu. Jirani alisimama mu njia kuuliza kama tuko na ndoa. Papa alimaliza na "Amina" ambayo mimi sikuandika.

Hapo njo nilifanya kosa. Nilichukua gome ya kufutia, nikafuta alto yangu yote, nikaandika ya mama mudogo. Ile "Amina" niliiacha, nisionekane ninazidisha.

Jumatatu prof akarudisha karatasi. Yangu ilikuwa na vijiti vyekundu saba. Quinte saba. Tatu kwa kumi.

"Nani alikufundisha hii?" akauliza.

Macho yote yakanigeukia. Nilitaka kusema ni mama mudogo, lakini kinywa changu kikajibu chenyewe: "Ni maharagi, Prof."

"Nani?"

"Maharagi."

Kalasi nzima ikalala juu ya mbao kwa kucheka.

Siku ya kuimba niliomba Mungu mvua, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Huku kwetu Masisi inanyesha karibu kila siku. Siku hiyo, jua! Waliketi wote mu salle kubwa ya mikutano, mpaka wale wadogo wa kalasi ya saba, wenye kuanza tu collège. Prof akainua baguette. Nikaanza soprano kwa sauti ndogo sana, mpaka akasogeza sikio karibu na kinywa changu kama munganga.

"Juu kidogo, dada. Tusikie na sisi."

Nikarudia. Nilipofika mesure ya tatu, pale inapanda, nikasikia sauti ya mwanaume chini yangu, quinte moja, nzito na nzuri, inapanda pamoja na mimi. Niliwaza kuna muntu ananichekelea. Nikageuka. Ni prof mwenyewe, macho amefunga, baguette imelala mu bega.

"Prof!" mwenzangu wa benchi akaruka juu. "Quinte parallèle!"

Prof akafungua macho. "Nani?"

"Ni weye!"

"Ni weye, Prof!" salle nzima ikajibu.

Aliangalia baguette kama vile ni yenyewe iliimba. "Nilikuwa ninamusaidia," akasema.

"Kila sauti iende njia yake!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Prof alienda mpaka kwenye tableau, akaandika jina lake, akachora kijiti kimoja pembeni. Kisha akanigeukia.

"Tuendelee. Alto."

Mimi niliwaza imeisha! Lakini nilikuwa nimeshaanza kucheka, na kicheko na haya haziingii mu uso mmoja kwa wakati mmoja. Niliimba alto, na badala ya "la" ikatoka "maharagi", mpaka mwisho. Tenor ikapita. Bas ilikuwa chini sana kwangu. Nikaitoa kama Papa anavyojibu simu ya muntu anayemuchosha: mm, mm, mm, ndiyo, mm. Watoto wa kalasi ya saba walijikamata tumbo. Nilisikia makofi, nikafikiri wanafukuza nzi.

Pointi hazikubadilika. Tatu kwa kumi. Nilitoka inje, nikanywa vikombe vitatu vya maji, na nikaimba ile bas tena nyuma ya darasa, nione kama kweli ilitoka kwangu.