Chaki Kwenye Kikombe cha Mama

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Bondeni tulikuwa na ubao mweusi nje ya ukumbi wa mtaa. Yeyote aliweza kuandika: maji yatakatwa kesho, mbuzi amepotea, zamu ya kuosha vyoo ni ya nyumba fulani. Halafu watu wakagundua kwamba mwenye kuandika gizani haulizwi. Matusi yakaanza. Fulani mwizi, fulani mchawi, binti wa fulani hivi na vile. Na watu wazima, wenye kwenda kanisani na msikitini, walisimama pale wakicheka.

Siku moja ikawa zamu yetu: "Maandazi ya yule mjane yanakandwa na maji ya bafu."

Mjane huyo ni mama yangu, na maandazi hayo ndiyo yaliyotulisha. Kufikia Ijumaa alirudi nyumbani na beseni limejaa. Mimi, msichana mzima niliyeajiriwa dukani kwa Mhindi, nilitaka kupigana na mtaa mzima.

Karani wa manispaa akayafuta maneno. Yakarudi. Akaweka askari, askari akasinzia, yakarudi. Mwishowe akaung'oa ubao, akaufungia ofisini. Basi wakayaandika kwa makaa ukutani, kwa herufi kubwa zaidi, na sasa hatukujua hata maji yangekatwa lini. Hiyo ndiyo akili ya ofisi.

Mama akaenda kumwomba ubao urudishwe, na chaki akae nayo yeye. Akahamishia jiko lake chini ya ubao, chaki akaitia kwenye kikombe. Hakumkataza mtu neno lolote. Ilibidi tu uiombe.

"Nipee chaki, mama."

"Chukua. Watoto wameamkaje?"

Basi. Mtu akishaulizwa habari za watoto wake, huandika kwamba mbuzi amepotea, akaenda zake. Mimi nilichemka.

"Na hayo ya ukutani?" nikamuuliza.

"Wacha yakae. Nani atayasoma akicheka na mimi niko hapa?"

Wiki chache baadaye akaja jirani yetu wa mlango wa pili, macho mekundu. Baba yake alikuwa amefariki na alitaka kutangaza matanga. Alichukua chaki, kisha akairudisha kikombeni.

"Mama, ile maneno ya ukuta ni mimi."

"Najua," mama akasema. "Andika ya baba kwanza."

Najua! Alijua, na siku zote hizo alikuwa akimwamkua! Nilitamani kuupiga ule ubao teke.

Jioni akanituma matangani na beseni la maandazi. Niliyagawa nimeuma meno. Wale wale waliokataa kununua waliyala mpaka wakakung'uta makombo, wakaomba chai zaidi. Mtu wa kusema samahani hakupatikana. Walisema tu kwamba ni matamu.