Kigiriki Katika Darasa Lililonuka

Wakati wa vita, mji wa Butembo ukiwa mikononi mwa waasi, nilikuwa mwanafunzi katika shule ndogo ya Biblia huko Bulengera, mtaa wa mji huo. Wanawake tulikuwa wawili tu: mimi, binti wa mkulima wa Luofu, na mjane kutoka Eringeti. Mume wake, mchungaji, aliuawa njiani, na kanisa likamtuma yeye asome.

Somo lililotutesa lilikuwa Kigiriki. Kwetu jina hubadilika kichwani: mutu, batu. Kwa Wagiriki hubadilika mkiani. “Neno” kwao likitenda ni logos, likimiliki, logou, likitendewa, logon, ukiliita, loge. Mwalimu, pasta aliyesomea mbali, alitusimamisha kila asubuhi tuyaimbe hayo yote. Aliyekosea aliitwa kichwa cha kiazi. Mwalimu sikumpenda, lakini somo nililipenda. Nilipalilia maharage nikiimba logos, logou, na majirani wakadhani nasali kwa ndimi.

Kisha askari wakaja kulala shuleni, nasi tukafukuzwa. Walipoondoka kuelekea Beni, mwalimu alituita, kila mtu na ndoo yake.

Walikuwa wamechinja mbuzi mle darasani na kuacha matumbo chini ya dirisha, yakawa meupe kwa funza. Ubao waliuchoma kupikia. Na nyuma ya kila benchi walikuwa wamejisaidia, ingawa choo kilikuwa pale pale uani, kizima. Walijipangusa kwa karatasi zetu za Kigiriki. Niliinua moja kwa kijiti nikaona mwandiko wangu, wingi wa logos, umepakwa mavi mpaka mstari wa mwisho. Nikatapika juu ya sehemu niliyokuwa nimekwisha kusugua.

Mwalimu aliwatuma wanaume kufyeka majani nje. Wanawake tukabaki ndani. Yeye alisimama mlangoni, kitambaa puani, na hakutaka asubuhi ipotee bure.

“Mutaimba mukisugua,” alisema. “Umoja, kisha wingi. Allez!”

Tukaimba. Kila nilipofungua kinywa, nzi walinigonga midomo.

“Logoon!” alifoka tulipofika wingi wa kumiliki. “O ndefu! Munasema kama batu ba sokoni.”

Mjane akaweka ndoo chini. “Pasta, ingia kwanza. Utatusikia vizuri ukiwa karibu.”

“Mama, kesho niko na mahubiri. Harufu itaingia mu koti.”

“Mais sisi je? Kwetu inaingia mu ngozi.”

Mwalimu alimtazama kama mtu anayengoja mbwa anyamaze. Kisha akasema, “Donc, tuendelee. Wingi, wenye kutendewa.”

Hakuona haya hata kidogo. Hilo lilinichefua kuliko funza. Askari walikuwa wamelewa na hatukuwajua. Huyu alituombea kila siku kabla ya somo. Nilishika ndoo yangu nikaimwaga pale kizingitini, maji machafu yakatiririka hadi kwenye viatu vyake. Aliruka kama jogoo.

“Wee binti! Una wazimu?”

Niliacha ndoo pale pale. Nilishuka mtoni nikajisugua kwa sabuni ya mawese mpaka ngozi ikawaka. Jioni wenyeji wangu walinipa bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa. Nilitazama ile sombe, rangi yake, ulaini wake, nikasukuma sahani.

Mwalimu alituma neno kwamba nirudi niombe msamaha mbele ya wote. Baba alipanda kutoka Luofu kunisihi.

“Omba tu, mwanangu. Ni mutumishi wa Mungu.”

“Baba, hapana.”

Hakunisihi tena, akaniuliza kama nina nauli ya lori. Nikaenda Beni kwa mama mdogo, na huko nikamalizia masomo katika shule nyingine. Mwalimu wa kule alikuwa dhaifu katika sarufi na tulimsahihisha mara nyingi. Mvua ilipovuja darasani, alikunja suruali akachota maji pamoja nasi.

Mjane alibaki Butembo hadi mwisho. Alipopita Beni akirudi Eringeti, alilala kwetu, nami nikamwuliza alimvumilia vipi mtu yule.

“Nilikuja kutafuta Kigiriki,” alisema akivua viatu. “Yeye sikumutafuta.”

Nilimheshimu, na ninamheshimu bado. Lakini mimi sikuumbwa hivyo. Hata leo, watu wa kanisa wakianza kumsifu pasta yule, mate hunijaa mdomoni, nami hutoka nje kutema.