Msusi Anayemngoja Binti Yake

Jumamosi, saa nne asubuhi, binti wa sekondari ameketi kwenye stuli fupi, spika ndogo za simu zimemziba masikio, macho ameyafumba. Nyuma yake, msusi anapasua mstari kwa ncha ya kitana. Ghafla mkono unasimama.

"Wimbo umebadilika," ananong'ona. "Alikuwa amelegea, sasa shingo imekaza. Nikivuta hapa, lawama zote zangu."

Anasubiri. Wimbo unapita, binti anashusha pumzi, kazi inaendelea.

Wateja humwita Anti Mkono Mwepesi, maana kwake hutoki na kichwa kinachowanga. Wengi ni wasichana wa shule. Wapo wanaofika wamenuna, wakaondoka wakitingisha mabega. Wapo wanaocheka mpaka wimbo fulani uingie, kisha machozi yakawadondoka kimyakimya. Haulizi kitu. Huwapa kitambaa, akaendelea kusuka.

Lakini kichwa anachokitamani kuliko vyote hakikai tena kwenye stuli ile. Ni cha bintiye wa pekee, mwenye miaka kumi na sita.

Mwaka jana bibi yake binti huyo alifariki. Mtoto akawa anajifungia chumbani na wimbo mmoja tu, ule ambao bibi alipenda kuuimba akifua. Kila ukianza, analia. Mama akaona dawa ni kuukata wimbo wenyewe, akamnyang'anya spika.

"Kilio kikakoma, nikajua nimemponya," anasema. "Kumbe na maneno yamekoma! Shikamoo, ndiyo, hapana, basi. Na kusukwa akakataa. Anakwenda kwa msusi mwingine, wewe! Mimi nitaificha wapi sura?"

Anacheka, ila kicheko hakidumu.

Spika alishazirudisha, na radhi akaomba. Binti alizipokea, akasema, "Asante, mama," akafunga mlango. Jioni msusi hukaa sebuleni akimsikia mwanawe akiufuatisha wimbo ule kwa sauti ya chini. Naye hulia, upande wake wa mlango.

"Yule bibi alikuwa mama yangu mzazi," anasema, akijifuta kwa kiganja. "Watu wanasahau. Hata mimi nilijisahau. Nilikuwa siuwezi ule wimbo, nikamsingizia mtoto."

Shule zikifungwa, ana ombi moja kwa bintiye.

"Sitamwambia nimsuke. Nitamwambia anipe spika moja, abaki na moja. Tulie wote. Akimaliza kulia, akitaka kwenda kwa msusi wake, aende."