Mwavuli wa Maziko ya Octave

Philomène Desdunes alishuka basi akaziba pua kwa leso. Ilikuwa Ijumaa, jua halijafika utosini, na watu wa baa walikuwa wakimwaga maji ya sabuni ya ndimu barabarani, wakisukuma matapishi ya wageni wa jana kwenda mtaroni. Ndimu ilishindwa. Mtaa wote wa Tremé ulinuka kama pipa la pombe lililosahauliwa juani.

Hapa ndipo alipozaliwa. Nyumba ya baba yake sasa ilikuwa na kisanduku cha funguo mlangoni na wapangaji wapya kila mwisho wa wiki, watu wanaokojoa kwenye maua ya waridi ya mama yake na kuondoka wakisema New Orleans ina roho. Kodi ilimtoa mtaani na kumtupa ng'ambo ya mfereji, na tangu siku hiyo hakurudi. Lakini kazi yake ilibaki hapa. Alikuwa mshonaji wa miavuli ya misafara ya maziko, ya hariri, marinda na manyoya, na vyama vya kuzikana vya mtaa viliandamana chini ya kazi ya mikono yake tangu akiwa msichana.

Leo alirudi kwa ajili ya kaka yake. Octave alipuliza tromboni katika ukumbi wa Taa ya Bluu maisha yake yote, na kabla ya kukata roho aliomba jambo moja: apitishwe mbele ya mlango ule polepole, kwa nyimbo za huzuni, kama wazee wake. Kila mtu wa mtaa anajua utaratibu. Mwavuli wa kiongozi wa msafara hubaki umefungwa mpaka gari la maiti liachane na msafara. Ukifunguka, bendi inachangamka na watu wanacheza. Kuufungua mapema ni kumchezea maiti usoni.

Kwenye dirisha la ukumbi alikuta bango lenye picha ya Octave, meno meupe pe. MAZIKO HALISI! KESHO SAA TANO. NJOO UCHEZE. KINYWAJI CHA PILI BURE.

"Kendrell!" aliita. Mtoto wa Octave, kiongozi wa msafara wa kesho, alitoka ndani na tarumbeta yake kwapani. "Nani kamsugua baba yako meno? Huyu alikuwa na meno ya tumbaku kabla hujazaliwa."

"Shangazi, ni tangazo tu. Bwana Trask katupa ukumbi wa kulia chakula cha msiba. Anachotaka ni tukifika mlangoni nifungue mwavuli, tupige mbili tatu za kucheza. Basi, tunaendelea."

"Na baba yako?"

"Si atakuwa garini?"

"Ndiyo, garini, anawangoja walevi wamalize kumrukia kichwani."

Kendrell alitazama chini. "Nina watoto. Nikimkatalia, Jumatatu anapuliza mwingine. Tuliobaki hapa ndio tunaokubali, Shangazi. Nyie wenye msimamo mmehamia ng'ambo."

Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa hayakuwa uongo. Kabla hajajibu alitokea Trask, mwenye ukumbi, akitabasamu na kunyoosha mkono uliolowa. "Pole sana, mama. Tutampa Octave sherehe. Nyie mnajua kufurahia kifo, ndiyo maana nawapenda."

Philomène aliutazama ule mkono mpaka ukarudi mfukoni wenyewe.

"Mwavuli utakuwa tayari kesho?" Kendrell aliuliza.

"Utaupata."

Jioni aliuweka mwavuli mapajani. Ulikuwa mweusi, wenye manyoya meupe. Akatunga uzi maradufu, akashona mkunjo kwa mkunjo, mishono yote ikafichwa chini ya marinda.

Jumamosi, mzee Ulysse, mpiga ngoma wa bendi, alisokomeza leso chini ya nyaya zinazoirindimisha ngoma yake ili isikike kama mtu anayelia chumba cha pili. Kendrell aliongoza, kofia kifuani, mwavuli mkononi, hatua moja, kituo, hatua moja. Philomène alitembea ubavuni mwa gari la maiti.

Kwenye kona wageni walikuwa wamejaa. Wanaume walikumbatia vikombe vya kijani virefu kama mikono yao. Juu ya roshani watu walirusha shanga za plastiki, na mkufu mmoja ukagonga kioo cha gari, pale pale kilipokuwa kichwa cha Octave. Wakashangilia kulenga kwao. Binti mwenye taji la bibi harusi aliegemea gari, akaweka kikombe chake juu ya boneti, akajipiga picha. Philomène alikichukua, kikimwagikia glavu yake, akamrudishia.

"Jamani, napenda sana mila zenu," binti alisema.

"Shika uchafu wako, mwanangu."

Mlangoni, Trask aliinua kidole gumba. Kendrell alisukuma mwavuli. Haukufunguka. Akavuta, akatikisa.

"Bonyeza, kaka! Bonyeza!" mtu alipiga kelele roshani, na mtaa mzima ukacheka.

Kendrell aligusa marinda akauona uzi. Aligeuka, akamkuta shangazi yake amesimama wima, hatingishiki. Mwavuli haukuwa pingu. Angeweza kuutupa chini na kuwapungia bendi mkono, nao wangechangamka.

"Vipi, kijana?" Ulysse alinong'ona. "Tunacheza au tunazika?"

"Kendrell!" Trask aliita.

Kendrell aliubana mwavuli kwapani, akavuta mguu wake mbele. Hatua moja, kituo. Tromboni zikalia. Wageni walizomea kidogo, wakasema inaboa, wakaingia ndani kutafuta kinywaji cha pili.

Chini ya daraja la barabara kuu ya Claiborne gari liliachana nao. Ulysse akaitoa leso yake. Philomène alitoa mkasi mkobani akakata uzi.

"Jumatatu sina kazi," Kendrell alisema.

"Najua."

"Na ukumbi ndiyo basi. Watu watakula wapi?"

"Barazani kwangu. Sufuria ya mchuzi wa gumbo iko jikoni tangu alfajiri. Fungua."

Aliufungua, na ngoma ikalipuka. Philomène aliinua mkono, akasikia harufu ya ule ulevi mtamu kwenye glavu. Akaivua, akaitupa mtaroni, akacheza.