Ruhusa ya Marehemu

Mwone fundi wa kompyuta akiingia zahanati asubuhi, mkoba begani. Analeta programu ya kuandikisha wagonjwa, iliyoandikwa na marehemu mumewe akawaachia watu bure. Leo amelifuta jina la mumewe kwenye leseni, yaani maandishi ya ruhusa ya kuitumia, maana kila akiliona, humlilia upya.

"Dada, ruhusa ya kuitumia unatupa wewe?" muuguzi akauliza, akiisoma leseni kwenye skrini.

"Mimi mchukuzi tu. Kila anayepokea hupewa na mwandishi mwenyewe."

"Mbona hajaandikwa? Au tunapewa na jini?"

Fundi akacheka kidogo, akalirudisha jina, kwa kuwa leseni inakataza kuliondoa. Pale kwenye skrini mumewe akasema kwa maandishi: mimi ninakupa wewe ruhusa.

Nawe unayenisikiliza, niambie: mtu anayetoa ruhusa kila siku, mkewe atamzika lini?