Jina la Mtoto wa Sirad

Mustafe alifundisha darasa la ngumbaru, la watu wazima, katika mji wa Tarbaj, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa akina mama waliopoteza mifugo wakati wa ukame. Siku hiyo aliwaambia waandike majina ya watoto wao. Mmoja wao, Sirad, aliandika manne, kisha akabaki ameshika kalamu.

"Maalim," aliuliza, "mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina anaandikwaje?"

Mustafe alitaka kumwambia amwache huyo, waendelee na somo, lakini akaona haya.

"Ulipokuwa ukimnyonyesha, mama, ulimwitaje?"

"Nilimwita hooyo tu, yaani mama, kama sisi akina mama sote tunavyowaita watoto wetu kwa mapenzi."

Mustafe akaliandika neno hilo ubaoni polepole. Sirad akalinakili chini ya majina ya wale wanne, akalitazama, kisha akajifunika uso kwa mtandio na kulia. Jirani yake akamshika bega.

"Mimi nina wawili kama huyo," akasema mwingine kutoka nyuma. "Nao niwaandike hivyo hivyo?"

Mustafe akaitikia kwa kichwa.